Swali la Saba

Jangwa la Arizona, Januari, saa tatu asubuhi.
Nimeegesha kichwa kuelekea upepo, kama Orrin alivyonifunza,
na simu nimeiweka juu ya jiko lililozimwa
maana ni hapo tu, kando ya birika, mtandao hushika.
Marisela wa bima ana sauti ya mtu aliyekwisha kunywa kahawa.
Anauliza, najibu.
Urefu? Futi thelathini na moja.
Mwaka wa kuundwa? Elfu mbili na tisa.
Paa limewahi kuvuja?
Natazama doa lenye umbo la figo juu ya kitanda.
Mara moja, nasema. Lilizibwa.
(Lilizibwa mara tatu. Mara ya mwisho na mimi,
kwa gundi na matusi.)

Anwani?
Namtajia sanduku la posta, Sioux Falls,
mji niliolala usiku mmoja tu maishani
ili nipewe leseni.
Barua zangu zinaujua kuliko mimi.

Kisha swali la saba:
gari hili ni la likizo, au unaishi humo muda wote?

Hapo nikanyamaza.
Orrin alijaza *likizo*. Miaka sita, kila mwaka, likizo,
kwa wino wa bluu, huku akipiga mluzi.
"Tofauti ni dola mia saba, Verlene.
Mia saba ni matairi mawili."
Nasi tulikuwa tumeuza nyumba ya Yankton,
na mashine ya kukatia nyasi, na nyasi zenyewe,
lakini kwenye karatasi tulikuwa watu walio matembezini.
Bahati ikatukinga. Bahati isiyo na hati.

Delbert Krumholz haikumkinga.
Friji yake ya gesi iliwaka Novemba,
maegesho ya tatu kutoka hapa. Mchanga bado mweusi,
na katika weusi ule kuna kijiko kilichopinda kwa moto
ambacho hakuna anayekiokota.
Mkaguzi alikuja na viatu safi. Hakufoka.
Aliuliza tu: mbwa wako hutibiwa mji gani?
Dawa zako za presha huzichukulia wapi?
Delbert akasema kweli yote, maana alikuwa amechoka,
na kweli ikamla.
Sasa yuko Tucson, sebuleni kwa dada yake.
Anasema kitanda hakitikisiki, hapati usingizi.

"Bibi Stavig, bado uko kwenye laini?"
Nipo.
Namuuliza bei ya kweli na bei ya likizo.
Anazitaja zote mbili, hana haya wala hukumu.
Kwa bei ya kweli, anasema,
mgeni akiteleza kwenye ngazi yako, tunasimama nawe.
Vitu vya ndani tunavifidia; taja thamani.
Cherehani. Redio. Miwani, jozi mbili.
Jaketi la Orrin lenye zipu mbovu:
andika sifuri. Hapana, ngoja. Hilo usiliandike kabisa.
Na gari likikuharibikia njiani, anaendelea,
tunalipa hoteli, na nauli ya kukurudisha nyumbani.

Nyumbani wapi, mwanangu?

Anacheka kidogo, halafu hacheki.
Nje jirani anakunjua turubai lake; linalia kama bata.
Tahadhari kabla ya hatari, sawa.
Ila hatari yangu ilikwisha kupita, Oktoba,
katika hospitali ya Nebraska yenye maegesho mapana,
na hakuna aliyeniuliza kama ninayo hati.
Kilichobaki ni futi thelathini na moja.

Mia saba ni matairi mawili, Orrin, najua.
Ya nyuma yamekuwa vipara. Nitakwenda polepole.

Weka *muda wote*, nasema.
Namsikia akiandika, herufi moja moja,
nami nimeshika ukuta pale rangi ilipobanduka,
nikishangaa kuwa miaka sita nimeishi ndani ya maneno hayo
bila kuyatamka.

"Swali la nane," anasema Marisela. "Una kizimamoto?"
Ninacho. Chini ya sinki.
Ngoja nipige magoti niangalie tarehe.